Kikoa cha Wakutubi

Tatizo lilianzia kwenye 297.

Maktaba ya chuo ninapofanyia kazi ni ndogo: vyumba viwili, feni mbili ambazo moja huzunguka na ya pili hulalamika, na madirisha yanayotazama njia ya kwenda baharini. Tuko mwambao, kwa hiyo vitabu vyetu vya dini vingi ni vya Kiislamu. Mfumo wa uainishaji tunaoutumia ni wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876, na katika mgao wake wa namba za dini Ukristo ulipewa karibu mtaa mzima, 220 hadi 289, dini nyingine zikabanana katika 290. Uislamu una chumba kimoja: 297. Pale chuo cha Amherst, alikokuwa akifanya kazi Melvil Dewey, labda haikumsumbua mtu. Kwetu ni rafu tatu nzima za vitabu vyenye namba moja mgongoni, nukta, kisha mkia wa tarakimu. Kurani 297.122. Sira ya Mtume 297.63. Tasawufi 297.4. Mwanafunzi anayetafuta kitabu cha mirathi husimama mbele ya rafu zile kama mgeni aliyeelekezwa nyumba kwa kuambiwa tu kwamba iko Kariakoo.

Usiku mmoja, saa nne na nusu, watoto wamelala na vyombo vimeoshwa, nikaliandika swali langu kwenye kundi la WhatsApp la wakutubi. Tumo zaidi ya 200 mle, wa vyuo, wa shule, wa mikoani, na wachache wa Kenya na Uganda. Nikauliza: wenzangu, 297 mnaifanyaje? Kwa dakika 20 hakuna aliyesema kitu. Mtu akaweka tangazo la msiba, tukampa pole. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, dakika 4 na ushei, kutoka namba nisiyoifahamu.

"Mwanangu," ilianza sauti ya mzee, na nyuma yake nilisikia redio na mtoto akikohoa, "hiyo 297 ilianza kututesa wewe hujazaliwa."

Akaeleza. Usibuni namba zako mwenyewe, alisema, maana siku utakapotaka kubadilishana rekodi za katalogi na maktaba nyingine utakuta umejifungia nje. Tumia namba ndefu za kwenye majedwali bila woga, hata ziwe na tarakimu sita. Msomaji hachoshwi na urefu wa namba, huchoshwa na kutojua pa kuanzia. Basi chonga vibao. Mirathi, Ndoa, Swala, Sira: kila kipande cha rafu na kibao chake, herufi kubwa, kwa lugha ya msomaji. "Namba ni ya mkutubi," alimaliza, "kibao ni cha mtu."

Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi wa mabango vipande 14 vya plaiwudi. Sijawahi kuhudhuria warsha iliyonifundisha kitu kwa kasi ile, na warsha nimehudhuria: begi, kalamu, sambusa, posho, picha ya pamoja kwenye ngazi. Cheti cha mojawapo kipo ukutani kwangu hadi leo, na nikiulizwa ilihusu nini hulazimika kusogea karibu nikisome.

Miezi mitatu baadaye, binti mmoja aliyeanza kazi karibuni huko Lamu akauliza kwenye kundi swali lile lile.

Nilifurahi. Nikapandisha mazungumzo kwa kidole, nikapandisha, nikapita harusi, misiba, michango, maua ya "asubuhi njema wapendwa", tangazo la kazi ambalo muda wake ulishapita. Ujumbe wa mzee nikaufikia. Nilipoubonyeza simu ikaniambia faili halipo. Nilikuwa nimebadilisha simu. Mzee mwenyewe alishajitoa kwenye kundi, nadhani ni kwa ajili ya yale maua. Nikamwandikia binti nilichokikumbuka. Nilipomaliza nikaona kwamba vibao nilivikumbuka vizuri, lakini sababu ya kutobuni namba, ambayo ndiyo ilikuwa elimu yenyewe, niliibabaisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza sisi ni watu gani. Neno mkutubi linatoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa kitabu, maktaba, katibu na katiba. (Kutubu ni mzizi mwingine, ingawa ziko siku, mbele ya lundo la vitabu visivyoainishwa, ambapo naona ni ndugu.) Ni mzizi wa kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi ndio tulioajiriwa kumshikia kila mtu daftari lake. Wanasheria tumewapangia, madaktari tumewapangia, wanafunzi wa uvuvi tumewapangia. Elimu ya kazi yetu wenyewe, ile isiyofundishwa Bagamoyo wala Makerere, namna ya kupambana na mchwa wakati wa masika, namna ya kumsaidia mtoto ambaye hajui anachokitafuta, hiyo tunaipitisha kwa mdomo, usiku, kwenye simu. Ikifika asubuhi imeshazama.

Kulikuwa na wakati ilielekea kukaa mahali pa wazi. Mwaka 2006 Helene Blowers, wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg huko North Carolina, aliwapangia wafanyakazi wenzake mambo 23 ya kujifunza wenyewe mtandaoni, kila mtu kwa nafasi yake. Aliyemaliza alipewa kichezeshi kidogo cha muziki. Maktaba za nchi nyingi ziliuiga utaratibu ule, na wanaoukumbuka hukumbuka ile 23. Mimi huvutiwa na jambo dogo zaidi: miongoni mwa hatua za mwanzo ilikuwa kufungua blogu yako mwenyewe na kuandika humo unachojifunza. Yaani andika kabla hujajua. Mtu wa dawati la kuazimisha, aliyezoea kupokea na kutoa maneno ya wengine, aliambiwa atoe ya kwake.

Huku kwetu, miaka hiyo hiyo, Ndesanjo Macha na wenzake wachache walikuwa wakiandika blogu kwa Kiswahili, wakaziita magazeti tando. Jina halikudumu, blogu ndiyo iliyoshinda. Nasikitika kidogo, maana ndani ya tando yumo buibui, na buibui hujenga kwa uzi unaotoka tumboni mwake. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi haujulikani umetoka tumbo la nani.

Nami nilikuwa na blogu, ya kurasa kama 30, na wasomaji ambao ningeweza kuwakaribisha wote chai. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania zikawataka wenye blogu wawe na leseni, na ada zake zote kwa pamoja zilifika zaidi ya shilingi milioni 2. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini mwaka ule wengi walifunga milango, nami nikiwa mmoja wao; mshahara wa mkutubi unajulikana. Sikunyamaza. Nilihamia kundini kama wenzangu, ambako bando ni nafuu, leseni haiulizwi na jibu huja papo hapo. Hasara hatukuiona mara moja. Tulikuwa tumeacha uwanja tukaingia vyumbani, tukafunga kwa ndani, na mkutubi asiye na mtu wa kumwingiza kundini hana hata njia ya kujua kwamba swali lake lilishajibiwa.

Programu inayoendesha katalogi yetu inaitwa Koha. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia, nami niliitumia miaka kadhaa bila kuuliza jina lake lina maana gani. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, zilikuwa na programu ambayo ilihofiwa haitavuka mwaka 2000. Wakaandikiwa nyingine, ikaanza kazi Januari 2000, na badala ya kuifungia wakaiachia kila mtu aitumie na airekebishe atakavyo. Koha ni neno la Kimaori: ni zawadi, ila ni ile zawadi ambayo mgeni huenda nayo kwa wenyeji, inayoanzisha kupeana.

Nilipoisoma maana hiyo sikio langu la Kiswahili likasikia neno jingine. Kikoa. Maneno haya hayana undugu, yamegongana kwa sauti tu. Kula kikoa ni kula kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa fulani, mpaka mzunguko utimie. Na wataalamu wetu wa kompyuta, walipotafuta neno la ile anwani ya tovuti ambayo mtu huilipia kila mwaka, walichagua hilo hilo: jina la kikoa. Anayesajili kikoa, kwa ulimi wake mwenyewe, ameshawaalika watu chakula.

Kikoa kina sheria moja isiyosemwa: huwezi kuwa mgeni kila siku. Ukipika ovyo utavumiliwa. Zamu yako ukaleta dagaa wakati jana tulikula pilau kwa jirani, hakuna atakayekusuta. Utasutwa kwa kukosa zamu. Katika kundi letu la watu zaidi ya 200, wapishi hawazidi kumi. Waliobaki tunasoma kimya, tunahifadhi, tunaweka kidole gumba, kisha tunajaza kwenye fomu ya tathmini ya mwaka kwamba tunajiendeleza kitaaluma kupitia mitandao ya kijamii. Tunachofanya ni kufuatilia. Namfuatilia mkutubi wa Nairobi, namfuatilia wa Cape Town, mwaka 2019 nilijua siku ile ile kwamba chama cha wakutubi cha Marekani kimeondoa jina la Dewey kwenye nishani yake kwa sababu ya ubaguzi wake na jinsi alivyowatendea wanawake. Nikatikisa kichwa, nikasambaza, nikarudi kubandika namba zake kwenye migongo ya vitabu. Nilikuwa nimeshiba habari, na kazini hakuna kilichobadilika hata kwa upana wa kibao.

Wanaokosa zamu si wavivu. Kazi yetu imetulea katika kunyamaza. Neno la kwanza kwenye ukuta wa maktaba ni KIMYA, nalo liliwekwa kwa ajili ya msomaji, apate kusoma. Limetuingia wenyewe mpaka limekuwa tabia. Nina wenzangu wenye miaka 25 kazini ambao mtoto akiingia amesahau jina la kitabu, amesahau mwandishi, anakumbuka tu kwamba jalada lilikuwa na punda, wao hunyoosha mkono na kukitoa. Ukiwaambia waandike jinsi wanavyofanya, hujibu: mimi ni nani?

Ila kipo kimya ambacho hatuna haki ya kukivunja. Enzi za blogu yangu nilimpiga picha kijana aliyelala juu ya kitabu cha takwimu. Uso haukuonekana sawasawa, nikaiweka na maneno ya utani. Ilipendwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Siku ya tatu kijana yule alirudisha kitabu bila kuniangalia, na sikumwona tena mpaka muhula ulipokwisha. Anachoazima mtu, anachokitafuta, hata namna anavyochoka mbele ya ukurasa, ni amana. Nilikuwa nimeitoa amana ya mtu nikanunulia vidole gumba. Picha niliifuta, lakini kufuta mtandaoni ni kama kuzoa maji uliyoyamwaga mchangani. Ninachojifunza ni changu kukisema. Aliyenifundisha bila kujua si wangu kumtembeza.

S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati alipokabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Upweke wa kazi ulimshinda mapema, akaomba arudishwe darasani. Akaambiwa aende kwanza London akausome ukutubi, akirudi na bado haupendi basi atarudishwa. Kule alizunguka maktaba moja baada ya nyingine akitazama wenzake wanavyofanya. Aliporudi hakuomba tena kuondoka, na mwaka 1931 zikatoka kanuni zake tano ambazo kila mwanafunzi wa ukutubi amezikariri: vitabu ni vya kutumiwa, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Tunazikariri kama aya. Tunasahau kwamba ni maneno ya mtu aliyekwenda kutazama rafu za watu, akarudi kwao, akaandika alichokiona. Simu zimetupa safari ya London bila nauli. Ile kazi aliyoifanya aliporudi Madras hakuna simu itakayotufanyia.

Basi nikaandika tena. Safari hii niliomba ukurasa kwenye tovuti ya chuo, na kila ninachokiweka nabaki na nakala yake, kwa sababu majumba ya mitandao si yetu, sisi ni wapangaji. Wakutubi wangapi walikuwa wakisomea blogu za wenzao kwenye Google Reader mpaka Julai 2013 ilipofungwa? Mtandao huishi kwa habari ya leo, na mkutubi hulipwa kwa ajili ya mtu atakayekuja keshokutwa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa 297 na vibao vyake 14. Wa pili ukawa fasihi ya Kiswahili, ambayo nayo ina kilio chake: fasihi ya Kiingereza imepewa 820 hadi 829, yetu yote imo ndani ya 896.392. Humo nikaeleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, sisi tunauweka kwenye maadili ya Kiislamu, 297.5, kwa kuwa ni wasia wa mama kwa bintiye na walimu wetu wa dini wanauhitaji.

Wiki haijaisha, yule binti wa Lamu akaandika chini yake, mbele ya wote: "Shikamoo. Samahani, lakini huku kwetu hakuna anayekuja kuuliza maadili. Wanauliza utenzi. Na kwa Dewey kazi ya fasihi hufuata lugha na umbo lake, si mada yake."

Alikuwa sahihi. Masikio yalinipata moto, nikaifunga kompyuta, nikaenda kunawa uso. Kwa miaka kadhaa niliuficha utenzi ule mahali ambapo mpenzi wa ushairi hapiti, na hakuna aliyenikosoa, maana hakuna aliyejua. Katika kichwa changu kosa lile lilikuwa salama kama nyoka ndani ya shimo lake. Nilidhani najua 896 kama ninavyojua 297. Tofauti niliiona vilipokuwa vyote viwili mezani na watu wamekaa kula. Na aliyenionesha ndiye yule niliyemlisha kiporo cha mzee miezi michache nyuma. Zamu ilikuwa imemfikia.

Nimeulizwa na bosi wangu, kwa heshima, kama kuandika huku ni sehemu ya kazi au ni starehe yangu. Nilimjibu kwamba kitabu kimoja kimehama rafu, na tangu kihame kimeazimwa. Aliniangalia kidogo kisha akaniuliza kama nimeshakamilisha ripoti ya robo mwaka.

Nimeruka jambo moja. Kabla sijauweka ule ukurasa wa 297 nilimtafuta mzee, nikapewa namba yake na mwenzake wa zamani, nikampigia kumwomba ruhusa ya kuandika aliyonieleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Ruhusa ya nini, mwanangu? Si yangu hayo. Nilipewa na mwalimu wangu Makerere, miaka ya sabini. Andika hivyo."

Nimeandika hivyo. Kundini hajarudi, na anasema hatarudi. Ukurasa huusoma kwa simu ya mjukuu wake, na kibao cha 15, Wakfu, ni chake.